Duka ni langu, lakini wateja wanamtafuta mpwa wangu

BARUA

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu. Majibu yako nimekuwa nikiyasoma kimya kimya, lakini leo imebidi na mimi niandike, maana nyumbani kwangu watu wanakula meza moja na hawasemezani.

Nauza mapazia katikati ya jiji la Nairobi, kwenye jumba la stoli, vile vyumba vidogo vya biashara, ghorofa ya pili. Anayeyajua majumba haya anajua maana ya ghorofa ya pili. Kodi ni nafuu kuliko ya chini, lakini mteja hapandi ngazi bila sababu. Zamani nilikuwa namlipa kijana asimame mlangoni awaite wapita njia, "mapazia juu, mama, bei ni ya kuongea," na bado kuna siku nilikuwa nafunga nimeuza rodi mbili basi. Kilichoniweka mjini ni wateja wa kuambiana. Mwalimu ananunua, anamleta mwalimu mwenzake, yule naye anamleta wifi yake. Vipimo vya madirisha yao vyote nimeviandika kwenye daftari kubwa, na namba zao za simu pembeni. Kwa hao ndio nimesomesha watoto.

Mpwa wangu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua akiwa darasa la sita, akalelewa pamoja na wanangu, akasoma hadi chuo. Kazi ilipokosekana nikamwambia njoo tushinde wote dukani badala ya kukaa nyumbani kuangalia dari. Akaanza kurekodi video kwa simu yake. Anasimama mbele ya mapazia, anashika kitambaa, anakivuta, anaeleza ni kipi kinazuia jua na kipi ni cha urembo tu. Akafungua ukurasa TikTok na mwingine Facebook, akanunua laini mpya kwa kitambulisho chake, akaweka WhatsApp ya biashara. Akajiita Dada Pazia. Jina la duka langu halimo popote, ila ukisikiliza hadi mwisho utasikia jina la jumba na namba ya stoli.

Mambo yakabadilika, sitasema uongo. Sasa hivi ana wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Oda zinatoka Kitengela, Ruiru, Rongai, na nyingine tunazituma kwa matatu mpaka Nakuru na Kisii. Nimeongeza fundi wa pili. Pesa zote zinaingia kwenye till yangu, ile namba ya duka ya kupokelea malipo kwa simu, hapo sina lalamiko. Yeye nampa elfu kumi na tano kwa mwezi, na kumbuka analala kwangu na kula kwangu.

Shida ilianza kidogo kidogo. Mtu anapanda ngazi, ananikuta nimekaa, ananipita kwa macho kama mimi ni kiti. "Dada Pazia yuko?" Nikisema ametoka, karibu nikuhudumie, anasema atarudi. Hili ni duka langu! Wale walimu wangu nao wananilalamikia kwamba wakiandika kwa ile namba wanajibiwa "bei inboksi, dear" na mtu asiyewajua.

Iliyoniuma zaidi ni ya mama mmoja wa Kitengela. Alijipimia dirisha mwenyewe, akapima kioo badala ya rodi, akatuma pesa. Pazia likafika fupi, linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Akapiga simu akiwaka moto. Mpwa wangu siku hiyo alikuwa harusini. Nikamwambia mama yule arudishe mzigo, nikakaa na fundi hadi usiku, tukaunga kitambaa cha rangi nyingine chini kikaonekana ni mtindo, nikamrudishia bila kumtoza hata nauli ya boda. Baada ya siku chache akaposti picha za sebule yake na maneno marefu ya shukrani. Shukrani zote kwa Dada Pazia. Watu wakamwaga mioyo myekundu hapo chini. Mimi nikasoma nikarudisha simu kwenye mkoba.

Sasa mwezi uliopita ameniambia, kwa adabu lakini bila kupepesa macho, "Anti, nataka nusu ya faida ya oda za mtandaoni. Kama haiwezekani, nitafungua langu." Ukurasa ni wake, laini ni yake, ataondoka navyo. Jirani wa stoli ananiambia kuna duka la chini limekwisha kumwita. Nikamkumbusha ni nani aliyemlipia karo. Hakunijibu, akaingia chumbani, na tangu hapo ni "shikamoo anti" na "usiku mwema anti" basi.

Kaka yangu anasema nichukue ile simu akilala, nibadilishe pasiwedi, mambo yaishe. Mume wangu anasema mwache aende, watoto wa kurekodi video wamejaa Nairobi, utapata mwingine kwa elfu kumi. Mimi nashindwa. Wateja hawa ni wa nani? Nikimpa nusu leo, kesho si ataomba duka? Nikimwacha aende, nitarudi kwenye rodi mbili? Na dada yangu huko aliko, angesema nini?

Mama wa Ghorofa ya Pili, Nairobi


JIBU

Dada yangu, Mama wa Ghorofa ya Pili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa ajili ya huyo mama wa Kitengela tu. Nitamrudia, kwa sababu naona kesi yako yote imekaa kwenye pazia lake.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una duka lililokuwa likiishi kwa watu kuambiana. Mtoto uliyemlea amelifungulia mlango wa pili, wa mtandaoni, na watu wanaingia kwa wingi kupitia mlango huo. Lakini funguo zake ziko mfukoni mwake, na jina lililoandikwa juu ni lake. Sasa ameomba alipwe kwa huo mlango. Wewe ombi lile umelisikia kama mtu anayetaka kukunyang'anya. Na pia, ingawa hukuliandika hivyo, unaumia kwa kutoonekana ndani ya duka lako mwenyewe. Hayo ni mambo mawili. Nusu ya faida ni hesabu, inaweza kukaliwa na karatasi na kalamu. Kupitwa kwa macho kama kiti hakuponi kwa asilimia yoyote, hata akikubali kubaki kwa elfu kumi na tano ileile.

Umeniuliza wateja ni wa nani. Ningependa kwanza tutazame ni nani tunayemwita mteja.

Wale elfu arobaini si wateja, dada. TikTok humwonyesha mtu video kwa sababu alitazama nyingine inayofanana nayo, na wengi wanaobonyeza kumfuata mtu wako mbali, wengine hawana hata dirisha la kuvalisha. Wanapenda kumsikiliza msichana mchangamfu akikunjua kitambaa. Ni hadhira, na hadhira ina faida yake, lakini akiondoka nayo hajaondoka na watu elfu arobaini wenye pesa mkononi. Kundi la pili ni dogo zaidi, wale walioandika kwenye WhatsApp, wakauliza, wakatuma picha ya sebule, wakahifadhi ile namba na sasa wanaona statasi zake kila asubuhi. Hawa ndio wa kuhesabu. Ungenipa nichague kati ya ukurasa wenye wafuasi elfu arobaini na laini yenye watu mia nane walioihifadhi kwenye simu zao, ningechukua laini bila kufikiri. Kundi la tatu ni waliolipa, wakaletewa, wakaridhika, na siku moja watanunua tena.

Hilo la tatu halikai kwenye simu ya mtu yeyote, na hapa ndipo namrudia mama wa Kitengela. Aliyemleta ni mpwa wako, maana bila ile video asingejua ngazi zako ziko wapi. Lakini siku pazia lilipofika fupi mteja huyo alikuwa amekwisha kupotea. Unajua mwenyewe mteja mwenye hasira na simu ya mkononi anavyoweza kuandika. Aliyemrudisha ni wewe, na fundi, na kile kipande cha rangi nyingine. Yeye hakuona mikono yenu, aliona jina moja tu la kushukuru, akashukuru hilo. Sidhani mpwa wako alikuibia shukrani hizo. Zilikwenda mahali pekee palipokuwa na anwani. Je, wewe una anwani mtandaoni? Katika barua yako sikuiona. Jina la duka halimo kwenye ukurasa, uso wako haumo kwenye video. Mtu akikutafuta kwenye ramani ya Google sijui kama atakupata.

Halafu kuna lile daftari kubwa, ambalo umelitaja kwa mstari mmoja ukapita. Dada, Nairobi hii watu wanahama. Mpangaji anatoka Umoja anakwenda Syokimau, madirisha ya huko hayalingani na ya kule, na pazia alilonalo litakuwa fupi au jembamba. Kila anayehama ni mteja anayerudi, kama kuna anayemkumbuka. Wewe una vipimo vya watu na namba zao tangu kabla mtoto huyu hajamaliza shule. Ni lini ulimpigia simu mmoja wao, si kumuuzia, kumuuliza tu yale mapazia yanaendeleaje? Simu ya mpwa wako umeiona kama hazina yote. Nyingine umeiweka chini ya meza ya kukatia.

Sasa niguse jambo ambalo huenda usilipende. Umeandika kwamba unampa elfu kumi na tano "na kumbuka analala kwangu na kula kwangu." Najua ulivyomlea, na karo uliyolipa hakuna wa kukulipa. Lakini ulimlipia kama mama, na sasa naona malezi yameingizwa kwenye daftari moja na mshahara. Mtoto aliyefiwa akikumbushwa karo katikati ya mazungumzo ya kazi hawezi kujibu. Atasema nini? Atanyamaza aingie chumbani, kama alivyofanya. Ukimya huo wewe umeuona kiburi. Inawezekana. Inawezekana pia ni mtu anayejiuliza kama katika nyumba hii ataruhusiwa siku moja kuwa mtu mzima anayeomba malipo yake. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 yenyewe inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Sikutishi na sheria, nakuonyesha tu kwamba mtu asiye wa familia angekaa kwenye kile kiti chake, mngekuwa mmekwisha kuandikiana.

Tuyaangalie basi yaliyo mbele yako, na kila moja lina mwiba wake.

La kaka yako nitalimaliza haraka. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, hata kama mwenye simu amelala chumba cha pili nyumbani kwako. Na halitafanya kazi. Laini ni yake kwa kitambulisho chake, ataomba msimbo mpya na kurudi ndani kabla hujamaliza chai, kisha atakuwa na hadithi ya kusimulia kwenye video. Wateja watakaoisikia hawatauliza nani alilipa karo.

La mume wako lina akili ndani yake, ila naona limerahisishwa. Watoto wa kurekodi wapo, ni kweli. Lakini kinachowaleta watu kwa Dada Pazia ni kwamba anajua kitambaa. Umeandika mwenyewe, anakishika, anakivuta, anaeleza kipi kinazuia jua. Alijifunzia wapi? Kwako, kwa kukusikiliza ukiongea na walimu wako. Kijana wa elfu kumi atakuja na taa ya duara na miziki, lakini itabidi umfundishe upya. Akishajua, naye ataomba chake. Utakuwa umerudi hapahapa, safari hii na mtu baki.

Kukubali nusu? Swali langu ni nusu ya nini. Pazia la elfu nane lina kitambaa, lina fundi, lina kodi ya stoli, lina mfuko na nauli ya matatu, lina lile moja kati ya mengi linalorudi likiwa fupi. Nina wasiwasi hata yeye hajui faida ni kiasi gani, anaona tu jumbe za till zikiingia. Ukikubali bila kumfungulia hesabu atahisi unamdanganya kila mwisho wa mwezi. Ukimfungulia, naye ataona kila kitu, pamoja na unayoyachukua ya nyumbani. Wapo wanaoona kamisheni kwa kila oda ni rahisi zaidi, asilimia iliyokubaliwa juu ya bei, bila kuulizana faida. Lakini hiyo nayo ina ugomvi wake. Mwalimu aliyeona video akaja kwa miguu ni wa nani? Aliyenunua kwa mtandao mara ya kwanza, mara ya pili akakupigia wewe? Mtabishana kuhusu watu hao hadi muandikiane.

Ndiyo maana, kabla ya kujibu ombi lake kwa ndiyo au hapana, ningefurahi kama mngefanya kitu kimoja kidogo kwa mwezi mzima, wote wawili, mkiwa mmekubaliana. Kila anayenunua aulizwe, "Umetujua vipi?" na jibu liandikwe, video, rafiki, alipita tu, au ni wa zamani. Pembeni andikeni alinunua cha shilingi ngapi. Huenda ukagundua kwamba wa video ni wengi lakini wananunua shia, lile pazia jepesi la kupenyeza mwanga, ya dirisha moja, na wale walimu ni wachache lakini wanavalisha nyumba nzima. Huenda ukagundua kinyume chake, kwamba duka sasa linasimama juu ya mtoto huyu. Jiandae kwa yote mawili. Na kama unafanya hivi ili upate rungu la kumpigia, afadhali uache, atalijua.

Kuna njia nyingine hukuitaja, na wala simaanishi ni bora. Anasema atafungua lake. Lake la nini? Hana kitambaa, hana fundi, hana mkopo wa maneno na wauzaji wa jumla wa Eastleigh kama ulio nao wewe. Ana sauti na laini ya simu. Anaweza kuwa na biashara yake ya kutafuta oda, na wewe ukabaki mshonaji wake kwa bei ya jumla mliyokubaliana. Hapo heshima ya kila mmoja inabaki kwake, hata chakula cha jioni kinaweza kurudi kuwa chakula tu. Hatari yake ni wazi. Siku akipata fundi wa bei ya chini Kawangware, hakuna kinachomzuia. Na lile duka la chini linalomwita, kama kweli linamwita, litampa ofa hiyohiyo. Wewe utakuwa na nini cha kumfanya abaki? Mimi ningesema ubora wa kazi na yale mapazia yanayorudi yakiwa mafupi yakarekebishwa usiku uleule. Huenda hilo likatosha, huenda lisitoshe.

Hilo jina Dada Pazia nalo mlizungumze. Nijuavyo kutoka kwa barua yako halijasajiliwa na mtu. Yeyote kati yenu anaweza kwenda eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kulisajili kama jina la biashara, na ukienda kimya kimya utakuwa umefanya la kaka yako kwa suti na tai. Jina ni la kwake kwa maana kwamba yeye ndiye watu wanayemwita hivyo. Ni la duka kwa maana kwamba mapazia yaliyolijenga jina hilo ni yako. Sioni mahakama inayoweza kulikata hilo vizuri kuliko ninyi wawili mezani.

Kuhusu zile namba za wateja, iwe kwenye simu yake au kwenye daftari lako, hakuna mwenye uhuru wa kufanya anachotaka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, namba ya mtu pamoja na jina lake ni data yake yeye. Aliwapa ili apate mapazia. Kuondoka na orodha na kwenda kuitumia kwa duka jingine bila kuwauliza wenyewe kunaweza kumletea matatizo, na wewe ukinunua orodha kutoka kwa mtu hali ni hiyohiyo. Jambo jingine hapo, ambalo nadhani hamjalifikiria. Mnaposti sebule za watu? Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza baa moja ya hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sebule ina picha za harusi ukutani, ina watoto kwenye kochi. Ombeni ruhusa, kwa ujumbe wa maandishi, hata kama mteja ni rafiki.

Na wewe mwenyewe, ukiwa bado unafikiria kuhusu yeye, una ya kufanya ambayo hayamhitaji wala hayamwibii. Ghorofa yako ya pili iwekwe kwenye ramani ya Google, ni bure, na maoni ya wateja yanayoandikwa pale yanabaki na duka hata mfanyakazi akibadilika. Chukua laini ya duka kwa jina lako, uiweke WhatsApp ya biashara yenye picha za vitambaa na bei. Bei, dada, ziandikwe. Mimi nikiona "bei inboksi" hupita moja kwa moja, na nimesikia wengi wakisema hivyohivyo. Mtu anadhani utamkadiria kwa viatu vyake. Wale walimu wako wapate namba hiyo. Ujue tu kwamba ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo humfikia aliyekuhifadhi, asiyekuhifadhi hauoni, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwomba kila anayenunua aihifadhi pale pale kaunta. Lakini fanya haya mchana kweupe. Ukiyafanya kwa siri ataona unamjengea ukuta.

Na kwa nini usionekane kwenye video? Sisemi ucheze. Nadhani video ambayo ingewafaa nyote ni ya kupima dirisha, kwamba mtu apime rodi na si kioo, aongeze upana mara mbili apate marinda, ashuke hadi anapotaka pindo lifike. Yeye aulize, wewe ushike futi. Mama wa Kitengela angeiona ile kabla ya kutuma pesa, asingerudisha kitu. Nikiongeza la pembeni, mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa saa kama sita? Siku kama ile Dada Pazia hana mlango wa WhatsApp wala Facebook, na duka lenye namba kwenye daftari linapiga simu za kawaida. Mueleze hilo kwa upole. Na yeye anahitaji duka lisilozimika.

Umeuliza ukimpa nusu kesho ataomba duka? Sijui. Ningependa umwulize yeye, lakini kwa maneno tofauti, "Unajiona wapi ukifika miaka thelathini?" Huenda jibu lake ni duka lako, na huenda hilo likakufurahisha kuliko unavyodhani, maana hukuniambia kama kuna mwanao anayetaka kukaa kwenye ile stoli. Huenda jibu ni kitu kingine kabisa na mapazia ni daraja tu. Unapigana na ombi bila kujua linakwenda wapi.

Kuhusu marehemu dada yako sitathubutu kusema angesema nini, wewe ndiye uliyemjua. Nadhani lakini mtoto wake naye anajiuliza swali hilohilo akiwa chumbani.

Mkikaa, msikae dukani, maana kila baada ya dakika mteja atapanda kumuulizia Dada Pazia na mazungumzo yataanza upya yakiwa yamechacha. Kaeni Jumapili, bila mjomba. Anza wewe, na anza na lile la Kitengela. Mwambie ulivyokaa na fundi hadi usiku, na ulivyosoma zile shukrani. Nina hakika hajui, alikuwa harusini. Usilitumie kama deni, mweleze tu. Kisha mwache aongee mpaka amalize, hata kama kuna mahali utataka kumkumbusha karo. Ukipata nafasi niandikie alisema nini.

Na kaka yako, tafadhali, mwambie asiiguse ile simu.